Kirefusho cha koleti ni cha mezani, si cha mkononi



Leo wafugaji nyuki na wenye vitalu vya miche wanivumilie kidogo, zamu ni ya maseremala. Ndani ya wiki mbili nimeulizwa swali moja na watu watatu wasiojuana. Mmoja ana karakana ya milango Nyasho, Musoma mjini. Wa pili ni katibu wa kikundi cha vijana pale Bunda wanaotengeneza mizinga ya nyuki na makabati ya jikoni. Wa tatu ni mzee wa Kiabakari, wilayani Butiama, fundi wa siku nyingi wa vitanda na makochi. Wote swali lao ni hili: "Bwana Misitu, kile chuma cha kurefushia koleti ya ruta kinafaa au hakifai?"

Kila mmoja nimempa jibu lake, na siku wakikutana wataona kama najichanganya. Vijana wa Bunda nimewaambia watumie, kwa masharti. Fundi wa Nyasho nimemwambia hapana. Mzee wa Kiabakari nimemwomba akiuze chuma chake kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Majibu hayo matatu yanatoka kwenye sababu moja, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu naona chombo hiki kinaanza kuingia kwenye karakana zetu bila mtu kueleza kilitengenezwa kwa kazi gani.

Kwanza tuelewane majina. Ruta ninayoizungumzia ni ile mashine ya mbao ya kuchonga kingo, mifereji na maua kwenye paneli, si ile ya intaneti. Na nikisema kirefusho, msidhani nazungumzia ekstensheni ya umeme. Wapo pia wanaouliza Bwana Misitu anatafuta nini kwenye mashine. Mimi stashahada yangu niliipata Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi, na pale mti haukuwa somo la kupanda na kukata tu, ulikuwa somo mpaka ubao unapogeuka kuwa mlango. Isitoshe, mizinga ninayohimiza watu wafuge nayo nyuki inachongwa kwenye karakana hizi hizi.

Koleti ni ile bushi ya chuma yenye mipasuko, iliyochongwa kwa umbo la koni, inayokaa kwenye ncha ya mota ya ruta. Ukikaza nati, koni inabanwa, mipasuko inajifunga na mkia wa biti unashikwa pande zote. Hakuna pini wala skrubu inayoizuia biti isitoke. Kinachoishikilia ni msuguano wa chuma kwa chuma, basi. Kirefusho nacho ni kipande cha chuma chenye mkia upande mmoja na koleti ndogo upande wa pili. Mkia wake unaingia kwenye koleti ya ruta, biti inaingia kwenye koleti yake, na biti inasogea nje kwa kiasi cha sentimita 5 hivi. Kwa hiyo mahali palipokuwa na mshiko mmoja sasa pana miwili, na katikati yake pana chuma kinachozunguka hewani bila kushikiliwa na kitu.

Sasa kilitengenezwa kwa nini? Kwa ajili ya meza ya ruta. Fundi anapoifunga ruta kichwa chini, chini ya meza, ule ubao wa meza wenye unene wa milimita 25 unameza urefu wa biti, na nati inabaki chini ambako spana haifiki vizuri. Kila ukitaka kubadilisha biti, unapiga magoti na kupapasa kama mtu aliyepoteza sarafu chini ya kitanda. Kirefusho kinaileta koleti juu, karibu na uso wa meza, unakaza na kulegeza ukiwa umesimama. Urefu ulioongezwa unaishia ndani ya unene wa meza. Sehemu ya biti inayogusa mbao inabaki fupi kama kawaida, na mbao ndiyo inayoletwa kwenye biti huku mashine ikiwa imefungwa kwa bolti.

Muuzaji anayekwambia kwamba kifaa hiki kinaongeza kina hajakudanganya, ila amekueleza nusu. Fundi anayesikia "kinaongeza kina" anawaza shimo refu zaidi, ruta ikiwa mikononi mwake. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na ndipo hatari ilipo.

Yeyote aliyewahi kuvua kwa ndoano pale Mwigobero analijua jambo hili bila kusomea. Ufito mrefu, pale mkono uliposhika panatulia, lakini ncha inacheza. Kwenye chuma ni vilevile, na hesabu yake inajulikana. Kwa chuma cha unene uleule na nguvu ileile, ukizidisha urefu unaoning'inia mara 2, kinapinda mara 8. Ukitoka milimita 30 kwenda milimita 80, kinapinda karibu mara 19. Unene nao una hesabu yake: chuma cha milimita 12 kina ukakamavu mara 16 ya chuma cha milimita 6, ingawa kwa macho unaona unene umeongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana kirefusho chenye mkia wa robo inchi mimi sikitaki hata mezani. Kama ruta yako inapokea robo inchi tu, suala la kurefusha koleti liishe hapo hapo.

Halafu ongeza mwendo. Ruta nyingi zinazunguka mara 20,000 kwa dakika na zaidi. Tuchukue 22,000, ni zaidi ya mara 360 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, makali ya biti yenye kipenyo cha milimita 12 yanakwenda karibu kilomita 50 kwa saa, sawa na gari linalotii kibao cha 50 likipita kijijini. Weka biti ya milimita 50 kwenye mashine hiyo hiyo na makali yanakwenda kilomita 207 kwa saa. Hakuna gari linalokimbia hivyo kati ya Musoma na Mwanza, na lau lingekuwepo usingesimama sentimita 30 kutoka kwenye bampa lake.

Kitu kinachozunguka kikiwa hakikukaa katikati kabisa, kinavuta kuelekea nje, na mvuto huo unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukizidi mara 2, mvuto unazidi mara 4. Kirefusho kinapinda kidogo, kwa kupinda kinatoka zaidi katikati, kwa kutoka katikati kinavutwa zaidi, kwa kuvutwa kinapinda zaidi. Fundi anasikia mlio umebadilika, anahisi mtetemo mkononi, na pengine hana tena muda wa kufikia swichi. Nimewahi kuonyeshwa biti iliyojichomeka kwenye mbao za ukuta wa karakana, kimo cha kifua cha mtu mzima. Siku hiyo haikumpata mtu. Waliichomoa kwa koleo, wakainoa, wakaendelea nayo. Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza kuliko hata biti yenyewe kuruka.

Nirudi kwa fundi wa Nyasho, maana naamini wenye shida kama yake ni wengi. Anatengeneza milango ya mninga na mkongo. Kitasa cha kuzamisha kinadai shimo la kina cha sentimita 7 hadi 9 kwenye ukingo wa mlango, na ukingo wenyewe una upana wa sentimita 4 au 4 na nusu. Biti zake zinaishia sentimita 5. Akaona kirefusho ndiyo dawa.

Hebu tuiangalie kazi yenyewe. Mlango umesimamishwa kwa ukingo. Bamba la ruta, lenye upana wa sentimita 15 hivi, limekaa juu ya ukingo wa sentimita 4, kila upande linaning'inia. Ruta ya kuzamisha kwa kawaida inakupa usalama mmoja mkubwa sana: ukiiachia, springi zinaipandisha juu na biti inajificha ndani ya bamba. Ukishaweka kirefusho, biti haijifichi tena. Hata ruta ikiwa juu kabisa, biti imechungulia nje ya bamba kwa sentimita kadhaa. Kwa hiyo unaiwasha biti ikiwa tayari iko nje, inauma mbao kabla hujaipa ruhusa. Ukimaliza na kuinua mashine, inatoka ikiwa bado inazunguka, usawa wa paja lako. Mtu aliyeitumia ruta miaka 10 ana mazoea ya kuiachia na kuiweka chini bila kutazama, na mazoea hayo hayabadiliki kwa sababu leo ameweka kipande kipya cha chuma.

Nilimwambia: kaka, shimo la kitasa lilikuwa linatobolewa mlango mzima kabla ruta haijafika Mara. Piga mstari wa katikati ya ukingo. Chukua drili, tia biti bapa yenye upana unaolingana na unene wa kitasa, funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, toboa matundu yanayogusana, kisha safisha kwa patasi kali. Ruta itumie mwishoni kwa lile bamba la uso la kitasa ambalo linazama milimita 3 tu. Hapo biti fupi ya kawaida inatosha na kazi inatoka safi kuliko patasi. Akanijibu kwamba kwa njia hiyo kila mlango utachukua dakika 20, wakati na kirefusho angetumia 5. Sikubishana naye juu ya dakika. Nilimuuliza tu, akikaa nyumbani miezi miwili mkono ukiwa kwenye bendeji, oda za milango atamwachia nani? Alicheka, lakini hakujibu.

Mwenye oda nyingi kiasi kwamba dakika 15 ni hasara ya kweli, basi kazi yake imekua na inahitaji mashine ya kutobolea mashimo ya mraba. Ni ghali kwa karakana moja. Kwa karakana tatu zilizopangana Nyasho, zinazoazimana misumeno kila siku, sioni kwa nini isinunuliwe kwa ushirika. Na kwa kazi ndogo ya kina kilichozidi kidogo, zipo biti ndefu za kipande kimoja, mkia na makali vikiwa chuma kimoja. Nazo zinataka mwendo wa taratibu na kina kidogo kidogo, lakini angalau zina mshiko mmoja badala ya miwili.

Vijana wa Bunda ni habari nyingine. Wana meza ya ruta waliyoiunda wenyewe, imara, miguu imefungwa sakafuni. Mbao zao ni za paini, nyingi zinatoka shamba la miti la Rubya kule Ukerewe, laini na nyepesi kuchonga. Wanakata mabega ya kukalia fremu za mizinga na mifereji ya kuingizia migongo ya makabati. Biti zao ni nyembamba. Tatizo lao hasa ni lile la kupiga magoti: wanabadilisha biti mara nyingi kwa siku. Kirefusho kilitengenezwa kwa ajili ya watu kama hawa, na sikuona sababu ya kuwakataza.

Masharti niliyowapa nayaandika hapa kwa sababu katibu wao aliniomba. Plagi itoke kwenye soketi kabla mkono haujagusa nati. Si kuzima swichi, ni kuchomoa plagi. Koleti zote mbili zifutwe vumbi na utomvu, maana paini ina utomvu mwingi, na utomvu ukiganda kwenye koni koleti haibani sawasawa. Mkia wa kirefusho uingie wote kwenye koleti ya ruta mpaka ugote, halafu urudishwe milimita 2 au 3 kabla ya kukaza. Mafundi wengi wanaukaza ukiwa umegota, wakidhani ndiyo usalama zaidi. Kumbe nati inapokaza inaivuta koleti kuelekea ndani, na mkia uliogota unaizuia koleti isikae vizuri kwenye koni yake. Biti nayo ifanyiwe vivyo hivyo kwenye kirefusho. Angalau robo tatu ya mkia wa biti iwe ndani, na koleti ibane sehemu iliyonyooka ya mkia, isibane pale panapoanza kunenepa kuelekea makali. Spana zitumike mbili, koleo liachwe kwa kazi yake. Na nati isikazwe kamwe koleti ikiwa tupu, inaharibu umbo lake.

Kisha kipimo ambacho hakina gharama. Ruta ikiwa bila umeme, shikiza kipande cha mbao ya mraba kwenye meza kiguse kwa ulaini mkia wa biti, ile sehemu ya duara inayong'aa, si makali. Zungusha kwa mkono mzunguko mmoja mzima polepole. Kama upande mmoja unaacha nafasi ambayo karatasi ya daftari inapita, kirefusho hicho kinayumba. Karatasi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, unaweza kuiona ndogo. Kwa mizunguko 20,000 kwa dakika si ndogo. Legeza, safisha, kaza upya, pima tena. Kikishindwa mara ya pili, kirudi dukani.

Mwendo upunguzwe hatua moja chini ya ule ambao ungetumia bila kirefusho. Ruta isiyo na kirekebisha mwendo isipewe kirefusho kabisa. Kata milimita 3 kwa kila pito, usidai bega lote kwa mkupuo mmoja. Kwa biti, ukomo ninaouweka mimi ni kipenyo cha milimita 25. Zile biti pana za kuinulia paneli za milango, za milimita 60 mpaka 90, zikae mbali na kirefusho, hata kama zinaingia, hata kama muuzaji amesema zinaingia. Kirefusho kisiungwe kwenye kirefusho kingine. Nisingelitaja hili kama nisingelisikia likizungumzwa. Wakati wa kuwasha, kila mtu asimame pembeni, hakuna anayeinama kuangalia kwa usawa wa biti. Mlio ukibadilika, zima, usisubiri umalize ubao. Miwani ni lazima. Glovu hapana, wala mikono mirefu ya shati, wala khanga kiunoni kwa kina mama waliomo kwenye kikundi, kwa sababu kitambaa kinaivuta nyama kwenda kwenye biti.

Jambo jingine lililojitokeza kwao linahusu vipimo, na hili naomba hata wasio na kirefusho walisome. Ruta yao ni ya mtumba, imetoka Japani. Koleti yake ni ya milimita 12. Kirefusho walichonunua kina mkia wa nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Hakikuingia, na mmoja wao akatoa wazo la kukipunguza kwa grinda na msasa. Nashukuru walinipigia simu kwanza. Chuma kilichopunguzwa kwa grinda hakiwezi kuwa duara kamili, na mkia usio duara ndiyo kuyumba kwenyewe. Lakini hatari kubwa zaidi ni ya upande wa pili, mkia wa milimita 12 kwenye koleti ya nusu inchi. Huo unaingia vizuri, nati inakaza, unavuta kwa mkono hautoki, unaamini umeshika. Umeshikwa kwenye kingo tu za koleti. Mashine ikipata joto na mbao ikipinga, biti inaanza kuteleza kushuka chini, na mara nyingi fundi anaona tu kwamba mfereji wake unaongezeka kina bila yeye kugusa kitu. Ukiona hivyo zima hapo hapo. Robo inchi na milimita 6 nazo zina mtego uleule, tofauti yao ni milimita 0.35. Soko letu limechanganya vitu vya Japani, vya Uingereza na vya China kwenye meza moja ya muuzaji. Nunueni kalipa ya kupimia, hata ile ya plastiki. (Ruta ya Japani pia inakuja na volti 100 wakati TANESCO inatupa 230, ila hayo nitayaandika siku nyingine, na yana maneno mengi.)

Mzee wa Kiabakari sina mengi ya kusema juu yake ila kwa heshima zote. Kirefusho chake alikichongesha kwa fundi wa vyuma, kutokana na nondo laini, kimetobolewa tundu na kufungwa skrubu moja ubavuni. Kwa macho kimependeza. Skrubu moja ya ubavuni inaisukuma biti upande mmoja, haiibani pande zote kama koleti, kwa hiyo biti imeshatoka katikati kabla hujawasha. Chuma chenyewe hakikuwekwa ugumu, na skrubu inalegezwa na mtetemo. Nilikipima kwa karatasi, zikapita karatasi tatu. Mzee akasema, "Mwanangu, nimekitumia mwezi mzima, hakijanifanya kitu." Shikamoo mzee, nikamwambia, mwezi mzima kilikuwa kinakuvumilia. Fundi aliyekichonga simlaumu, alipewa kazi ya kuchonga chuma akachonga chuma. Hakuambiwa kitazunguka mara elfu ishirini na mbili kwa dakika.

Nije kwenye lile ambalo wengine watasema Bwana Misitu ametoka nje ya mipaka yake. Karakana nyingi ninazopita, anayeendesha ruta si mwenye karakana. Ni kijana wa kibarua, analipwa kwa siku au kwa mlango, mara nyingi amefundishwa na kijana mwenzake aliyefundishwa jana. Mwenye karakana anakwambia huyu si mwajiriwa wangu, anakuja tu. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA wapo kwa ajili ya kuisimamia. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaotokana na sheria ya mwaka 2008. Fidia hiyo inamfikia kwa urahisi zaidi kijana ambaye mwajiri wake amejisajili na ana kumbukumbu kwamba alikuwa kazini kwake. Kijana anayekuja tu, siku vidole vinapokatika, anaondoka tu. Anatafutiwa bodaboda mpaka hospitali, wenzake wanachangishana, na baada ya wiki mbili nafasi yake ina mtu. Mkono wa seremala ukishapoteza kidole gumba haurudi kushika randa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na anayepinga anipinge: karakana ambayo haiko tayari kumwandika kijana kwenye daftari lake haina haki ya kumkabidhi ruta yenye kirefusho. Imkabidhi msasa.

Na kwa vikundi vinavyopata ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, tatizo linaanzia kwenye andiko. Nimesoma maandiko ya miradi ya useremala yaliyoorodhesha mashine kubwa kwa bei yake, halafu basi. Meza haimo. Koleti za akiba hazimo, ingawa koleti inachakaa na inapaswa kubadilishwa. Miwani haimo, kalipa haimo, wala siku moja ya mafunzo. Mashine ikifika, kikundi kinagundua kimepungukiwa, na kwa kuwa fedha imekwisha, kinatafuta njia ya mkato ya bei nafuu. Kirefusho cha bei poa ni mojawapo ya njia hizo. Ukaguzi nao unaishia kwenye daftari la marejesho. Kikundi kinachorejesha kwa wakati kinasifiwa, hata kama ruta yao inatetemeka kiasi cha kung'oa misumari ya meza. Ningependa kamati inayopitia maandiko haya iulize swali moja la nyongeza: biti itashikwa na nini, na nani amefundishwa kuishika? VETA wana chuo Musoma, SIDO wana ofisi ya mkoa hapo hapo Musoma. Kikundi kiende kuuliza mafunzo mafupi kabla ya kununua, nauli ya kwenda na kurudi iandikwe kwenye andiko kama inavyoandikwa bei ya mashine.

Vijana wa Bunda wamerudisha kirefusho dukani na wanasubiri chenye mkia wa milimita 12. Fundi wa Nyasho ameniambia amenunua biti bapa mbili za drili, bado analalamika kuhusu dakika zake. Mzee wa Kiabakari hajauza chuma chake, anasema kimemgharimu. Nitakuwa Kiabakari wiki ijayo kukagua vitalu vya miche ya grevilia. Mwenye kirefusho, cha dukani au cha kuchongesha, akilete pamoja na biti yake na ruta yake, tukipime pale kwa karatasi. Karatasi nitakuja nayo mimi.